Matundu ya Sindano Kwenye Jumba la Mfalme

Albamu ya postikadi za jumba la tamthilia la mfalme ilinigharimu pauni mia tatu na arobaini. Ongeza pauni kumi za basi kwenda Castle Vale na kurudi, watu wawili, na kumi na moja za chakula cha Fundi Harbans, ambaye alisema hana njaa kisha akala sahani mbili. Jumla mia tatu sitini na moja. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili ile sahani ya pili imeniuma.

Nimelitaja hilo mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza mnaloniuliza kila nikiitoa albamu ile, ninyi mnaoendelea na kazi. Swali la pili huwa ni kama nitaiuza nzima au nitaivunja. Hilo nitalifikia, maana ndilo linalonikosesha raha. Mwezi uliopita nimeiacha meza yangu ya gulio la Jumapili baada ya miaka mingi ya kuuza postikadi za kale, na Kasongo aliyeichukua ameniomba niandike mambo ya kazi kabla hayajanitoka kichwani. Kasongo ni mtu wa Bukavu, ana jicho zuri na mdomo usiojua likizo. Namwandikia yeye na wenzake, pamoja na wale watoto wetu wazaliwa wa hapa watakaosoma aya moja kisha wanipigie kuniuliza kwa Kiingereza nilikuwa nasema nini.

Kazi hii sikuitafuta. Nilikuwa mpishi kwenye kantini ya karakana moja ya vyuma kule Tyseley, hapa hapa Birmingham. Fundi Harbans alikuwa akifanya kazi kwenye bohari ya treni ya jirani, na mchana alikuja kula kwetu kwa sababu, kwa maneno yake, chai ya kwao ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Ni Singasinga mzaliwa wa Kisumu, mwana wa fundi wa reli, na Kiswahili chake ni cha huko huko. Siku moja alinisikia nikizungumza kwa simu na dada yangu aliyeko Tanga, akaweka kijiko chini.

"Dada, wewe ni mtu wa pwani? Maana hayo matusi si ya bara."

"Hayakuwa matusi," nikamwambia. "Nilikuwa namsalimia."

Tangu siku hiyo akawa anakaa karibu na dirisha la kuchukulia chakula. Akimaliza kula ananawa, anafuta mikono, anafuta tena, kisha anafungua boksi la viatu lililojaa postikadi za treni na kuzipanga mezani kama mtu anayecheza karata peke yake. Nikamuuliza bei ya moja. Aliponitajia nilicheka mpaka meneja akachungulia.

"Kwa karatasi iliyokwisha tumika?"

"Ndiyo maana iko na bei," akasema. "Mpya unapata bure kwa hoteli."

Jumapili iliyofuata nilikwenda naye gulioni huku nikidhani nakwenda kutembea. Alipotoka kwenda kununua chai akaniachia meza, na aliporudi nilikuwa nimemuuzia kadi tatu bwana mmoja aliyesema anaangalia tu. Fundi akazihesabu pesa, akaniangalia, akasogeza boksi lake upande mmoja wa meza. Upande wa pili ukawa wangu. Mkataba wetu ni huo. Hakuna karatasi nyingine.

Mafunzo yake yalikuwa machache na aliyarudia bila aibu. Kwanza mikono: kavu, bila mafuta ya nazi, na hapo alikuwa akinisema mimi. Pili, geuza kadi usome mgongo kabla ya kutazama uso. Kadi za zamani kabisa mgongo wake ni wa anwani peke yake, ndiyo maana utakuta salamu zimebanwa pembeni mwa picha kama abiria waliochelewa. Tatu, mhuri wa posta unakwambia siku kadi ilipotumwa, haukwambii ilipochapwa. Mtu anaweza kukaa na kadi kwenye droo mpaka mfalme aliyechorwa humo akafa, akazikwa na kusahauliwa. Nne, ila. Kona iliyokunjika tunavumilia. Doa la chai tunalipatana. Lakini tundu ni tundu. "Nusu bei, na huruma uiache nyumbani kwako," alikuwa akisema.

Vifaa vyetu mnavijua: kioo cha kukuzia, tochi ndogo, penseli laini, vifuko vya plastiki. Yeye alikuwa na cha ziada, kijiko cha mfupa na kisu chembamba, kwa sababu hakuweza kukiona kitu kimeharibika akakiacha. Alikuwa akikwangua nyuzi za karatasi kutoka kwenye kadi kuukuu isiyo na thamani, anazichanganya na uji mwepesi wa ngano, anaziba tundu, anasugua kwa mgongo wa kijiko, anapaka rangi ya chai. Ukimaliza kuangalia unaiomba radhi ile kadi kwa kuishuku.

Jambo jingine mnalolijua ni kuvunja albamu. Mtu anakuletea albamu ya marehemu shangazi yake, unainunua kwa jumla, unaing'oa kadi moja moja: meli kwa mtu wa meli, makanisa kwa mtu wa makanisa. Moja moja zinalipa kuliko zote pamoja. Si dhambi, ndiyo kazi yenyewe. Nimevunja albamu nyingi na usiku nimelala vizuri.

Hii ya jumba la mfalme ilitufikia kwa simu. Mwanamume mmoja wa makamo alikuwa anaondoa vitu kwenye fleti ya mama yake Castle Vale. Mama alikuwa amevunjika nyonga, yuko hospitali, na ilishaamuliwa kwamba akitoka atahamia nyumba ya kulelea wazee yenye chumba kimoja. Tukapanda basi. Fleti ilikuwa nusu tupu, na albamu ilikuwa juu ya friji. Jalada la kitambaa cha kijani, kadi zote za jengo moja: jumba la tamthilia la mfalme katika mji mmoja wa Ujerumani. Nikahesabu nikapata sitini na moja. Nikahesabu tena nikapata sitini. Mbili zilikuwa zimeshikana. Nyingi zilikuwa na tundu la sindano, ndani ya picha yenyewe.

"Zimetobolewa," nikamwambia yule mwanamume.

"Ni tundu dogo sana, huwezi hata kuliona."

"Ni matundu arobaini na mawili madogo sana. Nimeyaona yote."

Alikuwa ameanzia mia tano. Fundi Harbans alifanya kile anachokifanya vizuri kuliko mtu yeyote Birmingham: alitazama albamu kwa masikitiko kama daktari. Mengine mnajua.

Nilipofika nyumbani Sparkbrook nikazitandaza kitandani kwa mpangilio ule ule wa albamu, na hapo ndipo nilipoliona jumba lenyewe likizeeka. Za kwanza ni za rangi, zenye mwezi mpevu juu ya paa na neno la salamu limechorwa kwa maua. Halafu gari la farasi la mfalme mlangoni, halafu ndani: viti vyekundu, na roshani ya mfalme ina taji juu yake kubwa kuliko roshani. Halafu moto. Kadi moja tu, picha halisi, moshi unatoka juu, wazimamoto wamekunja mikono kama watu waliokwisha kukubali, na wanaume wenye kofia wamegeukia kamera badala ya moto. Hiyo moja, niwaambie ukweli wa kazi, ina thamani karibu sawa na zote zilizobaki.

Baadaye viunzi vya mbao, jengo jipya, taji limerudishwa. Vita vya kwanza: askari wenye bandeji wamekaa kwenye viti vyekundu. Kisha mfalme anaondoka, na hapa mchapaji ananifurahisha. Alikuwa na maboksi ya kadi zenye maneno "jumba la tamthilia la kifalme". Mfalme hayupo, kadi zipo. Hakuzitupa. Alichapa mstari mweusi juu ya neno "kifalme", basi, akaendelea kuuza. Yule ni mtu ambaye ningekubali kugawana naye meza. Zinafuata kadi za bendera zenye msalaba uliopinda za utawala uliofuata, ambazo kwenye gulio tunazifunika kwa kipande cha karatasi. Kisha kadi moja ya kifusi: ukuta wa mbele umesimama hadi kimo cha mtu, nyuma yake anga. Za mwisho ni jengo la vioo, ambalo wageni wakiliona huniuliza kama ni hospitali.

Wakati ule dada yangu mwingine alikuwa anamwoza binti yake Tanga. Nikamwachia Fundi albamu, nikasafiri. Niliporudi alinipokea mlangoni kwake na uso wa bwana harusi.

"Dada Zaina, hebu tafuta tundu."

Nikatafuta kwa kioo. Kadi kumi na tisa alikuwa amezimaliza, na sikuona kitu. Alikuwa amefanya kazi hiyo jioni baada ya jioni, bila kudai senti, kama zawadi. Ukizipima kwa bei ya gulio, alikuwa ameniongezea nusu ya thamani. Nikamshukuru kwa samosa, na sikuhesabu alikula ngapi.

Jumapili ya pili baada ya hapo, bibi mmoja akafika mezani kwetu akitembelea fremu ya magurudumu. Mweupe, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Alizungumza Kiingereza cha Birmingham chenye mifupa ya Kijerumani ndani yake.

"Wewe ndiye mwanamke aliyenunua albamu ya kijani kwa mwanangu?"

"Ndiye," nikasema, nikajiandaa. Kwenye kazi hii, mwenye mali akirudi huwa ni ugomvi.

"Alikuuzia kwa bei gani?"

Nikamwambia.

"Mpumbavu," akasema. "Wewe umefanya vizuri. Mama yangu angekupenda."

Jina lake Irmgard. Aliolewa na askari Mwingereza akaja naye huku, na alikuwa na mzaha wake kuhusu Castle Vale, mtaa uliojengwa juu ya uwanja wa zamani wa ndege: ndege zilimwondoa nyumbani kwao kwa mabomu, kwa hiyo zilipoondoka nazo yeye akahamia kwao, wamelipana. Hakuja kudai albamu. Chumba chake kipya hakina hata rafu, na mwanawe, alisema, ana mikono inayopenda kuuza. Alitaka kuiona tu. Nikampa kiti, nikampa albamu.

Alipita za mwanzo bila kusimama. "Hapa Mama bado hajaajiriwa," akasema. Alipofika kwenye ya kwanza yenye tundu, aliitoa kwenye pembe za karatasi zinazoishikilia, akainyanyua mbele ya taa ya meza yetu. Nukta ya mwanga ikatokea ghorofa ya juu, dirisha la tatu kutoka kushoto.

Mama yake alikuwa mshonaji wa mavazi ya waigizaji. Aliingia pale msichana, mfalme bado yupo, akatoka mwanamke mzee. Kila msimu wa maonyesho alinunua kadi moja mpya ya jumba, na jioni alitoboa dirisha la chumba cha ushonaji kwa sindano ya kazi. Irmgard alipokuwa mdogo na mama yake amechelewa kazini, bibi yake alikuwa akimnyanyulia kadi mbele ya taa: tazama, mama yuko pale, bado anashona, lala.

Basi akanyanyua ya pili. Nukta. Ya tatu. Giza. Akaigeuza, akaisogeza karibu na taa. Ya nne, giza. Ya tano.

"Nani amemzimia taa?" akauliza.

Fundi Harbans alifuta mikono, akafuta tena. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwangu, "Dada, niambie hiyo si yangu."

"Ni yako," nikamwambia. "Nzuri kuliko zote ulizowahi kufanya."

Nikamweleza bibi: kwetu tundu ni ila, huyu ni fundi, alikuwa anatengeneza. Nilitegemea machozi au polisi. Bi Irmgard aliichukua kadi, akapitisha kidole, akaigeuza nyuma na mbele, akamtazama Fundi.

"Kazi safi," akasema. "Sasa nitafutie sindano."

Meza ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na mwanamke anayeuza vifungo vya kale, tukaazima kwake. Watu walikuwa wanapita, wengine wananiuliza bei za vitu na mimi nawajibu bila kuwatazama. Fundi alihesabu madirisha kwa kioo, akaweka ncha ya penseli, Bi Irmgard akatoboa. Kila moja aliinyanyua mbele ya taa kabla ya kuchukua nyingine. Zilikwenda vizuri mpaka kadi ya kifusi.

Ile haikuwa na dirisha la kuhesabu. Haikuwa na ghorofa. Mama yake aliitoboa wakati pale juu hapakuwa na kitu, tundu lilikuwa kwenye anga, na Fundi alikuwa amelichukua kama uharibifu wa kawaida, akaliziba vizuri mno hata yeye mwenyewe hakulipata tena. Aliipeleka kadi kwenye tochi, akaipindua, akaikwaruza kwa ukucha, akaacha.

"Iko hapa mahali fulani," akasema. "Mama, nisamehe. Mimi nimeona mawingu."

"Chukua ile ya kabla ya vita," Bi Irmgard akasema. "Mpiga picha alisimama pale pale, karibu na chemchemi."

Kweli, chemchemi ilikuwa kwenye kadi zote mbili, kona ya chini, haijaguswa. Fundi akapachika kadi ya kifusi juu ya ile nzima, akalinganisha ukingo wa chemchemi na ngazi za mlangoni, akabana kwa vidole, akainua zote mbili mbele ya taa. Nukta ya kadi ya nyuma ikapenya kwa unyonge katikati ya anga. Nilidhani Fundi ataweka kwanza alama ya penseli. Bi Irmgard hakusubiri, alitoboa papo hapo, akiwa amenyoosha mkono juu, na Fundi hakuondoa vidole.

Mwenye vifungo alikuja kudai sindano yake.

Kabla ya kuondoka Bi Irmgard aliniomba jambo moja: albamu isivunjwe, na mpangilio ubaki kama mama yake alivyoupanga. Moto peke yake ni moto tu, alisema, na kifusi peke yake ni kifusi, miji yote inacho. Nikasema sawa. Kwenye kazi yetu sawa ya mdomoni ndiyo mkataba, mnajua, na nilipeana naye mkono mbele ya Fundi.

Tangu hapo nimeishi na sawa hiyo. Wamekuja watu wa kadi ya moto, mmoja akiwa na pesa tayari kwenye bahasha na miguu ya kuja kila mwaka. Nikiwaambia haiuzwi peke yake wananiona mjanja ninayepandisha bei, na sikuwahi kuona haja ya kuwasahihisha. Fundi Harbans, aliyekuwa ananifundisha kuvunja albamu, ndiye aliyekuwa anawafukuza. "Bwana, hiyo ni familia," alikuwa akiwaambia, "unataka kununua mkono peke yake?" Sasa macho yake yamechoka, anakaa kwa binti yake, ananipigia kuniuliza hali ya soko kana kwamba ni mtoto mgonjwa.

Na Bi Irmgard hunipigia kila Ijumaa asubuhi. Hasalimii sana. Anauliza, "Bado nzima?" Najibu, "Bado nzima." Anasema vizuri, anakata.

Mwaka huu, niliposambaza habari kwamba naacha meza, alikuja bwana mmoja mpole kutoka kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji ule ule wa jumba. Aliipekua albamu kwa glavu, akasema wataichukua yote, kwa bei ambayo hata mimi sikuipinga, na hilo mlichukulie kwa uzito wake. Nikamuuliza kama itabaki hivi. Akanieleza kwa uaminifu, simlaumu: kila kadi itakwenda mahali pake, ya moto pamoja na za moto, za mfalme na za mfalme, kifusi na vita. Watazipiga picha zote, na kwenye kompyuta mtu ataweza kuziona tena pamoja, kwa mpangilio wowote anaotaka. Hazitapotea kamwe. Hakuna panya, hakuna maji, hakuna mtoto wa mtu mwenye mikono ya kuuza.

Ijumaa ile nilimweleza Bi Irmgard yote, neno kwa neno.

"Kwenye kompyuta," akauliza, "mwanga unapita?"

Akasema nifikirie mimi, yeye ana umri wa watu ambao hawapewi kazi ya kuamua, kisha akakata.

Basi ndiyo hali, wenzangu. Nikiiuza, inafika nyumbani na inasambaratika. Nikibaki nayo, wanangu watatu hakuna anayejua mgongo wa kadi na uso wake, na siku nikifa itakwenda kwenye boksi la nguo. Mwanawe Irmgard tayari ameshaiuza mara moja. Fundi hawezi tena kuiona. Kasongo ameniambia, "Mama, nipatie mimi, sitaivunja, parole, neno langu," na ninamwamini mpaka siku kodi ya nyumba itakapochelewa na yule wa kadi ya moto akatokea na bahasha yake. Simlaumu hata yeye, ningekuwa na umri wake ningefanya hivyo kabla ya kodi kuchelewa.

Bwana wa hifadhi anataka jibu mwisho wa mwezi. Mmoja wenu aniambie kitu nisichokijua: kama kuna njia ya kuiuza kwa masharti yanayoshika, au mtu wa kumkabidhi, au kama mnaona bibi wa watu apewe ukweli kwamba kila albamu huvunjika na sisi kazi yetu ni kuchelewesha. Nipigieni kabla ya Ijumaa. Na tafadhali, asinipigie mtu kuniambia nifanye ninavyoona, kwa sababu nimeshaona mara mbili, na kila mara nimeona tofauti.